Nani aliyempokonya mama mtungi wake?

(Mazungumzo ya juma, kama yalivyosomwa redioni Jumapili iliyopita)



Jumamosi ya juma lililopita nilikwenda kumjulia hali rafiki yangu anayekaa pembezoni mwa jiji, kule ambako lami inakwisha na daladala inageuza. Nilipokuwa nakatiza uchochoro kwenda kwake, nikawakuta akina mama wanne wamekalia ndoo walizozipindua, na mmoja wao ameshika daftari la shule na kalamu ya risasi. Nikawasalimu. Wakaitikia vizuri tu, lakini yule mwenye daftari akalifunga upesi na kuliweka chini ya khanga yake.

"Baba, samahani," akaniuliza, "wewe si mtu wa mapato?"

Nikamwambia mimi ni mtu wa maneno tu, mapato siyajui hata yangu mwenyewe. Wakacheka, na daftari likatoka tena. Kumbe walikuwa wanapanga zamu za kupika komoni. Juma lijalo nani atangulie na nani afuate. Kilo ngapi za mahindi, ngapi za ulezi, kuni za shilingi ngapi, nani ataazima pipa la nani. Wakaniambia kwamba wasipopangana hivyo, wote wanne watapika siku moja, wanywaji watakuwa wale wale, pombe italala, na pombe iliyolala siku mbili tatu inageuka siki. Hapo mtaji umemwagika.

Nilisimama pale kwa muda kuliko adabu inavyoruhusu, kwa sababu nilikuwa nimemkumbuka marehemu mama yangu.

Mimi nimezaliwa Kilimanjaro, na nimesomeshwa na mbege. Sisemi hivyo kwa kujisifu wala kwa kuona haya. Mama hakuwa na daftari, maana hakujua kuandika. Alikuwa na kisahani cha bati chenye punje za mahindi, kila punje ina maana yake, na mtoto aliyekigusa alichapwa. Ratiba yake ilikuwa ngumu kuliko ya shule. Ulezi uliloweshwa, ukafunikwa kwa majani ya migomba mpaka ukaota, ukaanikwa, ukasagwa, ndipo ukawa kimea. Ndizi zilivundikwa mpaka zikaiva, zikamenywa, zikachemshwa kwa saa nyingi mpaka zikabadilika rangi, halafu zikaachwa zichachuke kwa siku kadhaa kabla ya kuchujwa. Kimea kikapikwa uji, kikapozwa, kikachanganywa na ile maji ya ndizi. Uchungu ulitoka kwenye magome ya mti wa msesewe. Kwa hiyo pombe ya juma hili ilipokuwa ikinywewa uani, ulezi wa juma lijalo ulikuwa umeshalowekwa, na ndizi za juma la tatu zilikuwa zimeshasemewa kwa jirani. Mbege ikiwa tayari, alichomeka jani la mgomba njiani, na wapita njia wakajua.

Siku moja, nikiwa darasa la tano, walikuja watu wawili na askari. Sitasema walitoka ofisi gani, na wengi wao huenda wamekwisha tangulia mbele ya haki. Walidai kibali. Mama alikuwa amekilipia kibali cha mwaka ule, lakini wakasema kimekwisha muda. Wakamwaga mapipa mawili mbele yake, wakaondoka na ngoma ya tatu kwenye gari, imejaa. Nakumbuka nilijiuliza swali la kitoto: kama pombe hii ni mbaya, mbona moja haikumwagwa?

Ndugu msikilizaji, swali lile la kitoto ndilo mazungumzo yangu ya leo. Nimelitafutia jibu kwenye vitabu vya historia kwa miaka mingi, na jibu nililolipata ni kwamba mama yangu hakuwa mpika pombe wa kwanza kukutwa na mkasa huo. Alikuwa mmoja katika msururu mrefu mno.

Kupika pombe ni kazi ya kale, na kwa sehemu kubwa ya historia imekuwa kazi ya nyumbani na kazi ya wanawake. Katika nchi ambayo leo tunaiita Iraki, watu wa kale walioitwa Wasumeri walikuwa na mungu wao wa kike wa pombe, jina lake Ninkasi. Utenzi wa kumsifu, ulioandikwa kwenye vigae vya udongo karibu miaka 3,800 iliyopita, unataja hatua za upikaji wenyewe: nafaka inaloweshwa, inaota, inaanikwa, inapikwa, inachujwa. Mama yangu, ambaye hakuwahi kuvuka Mto Pangani, angeuelewa utenzi ule tangu mwanzo mpaka mwisho. Misri nako, vibarua waliojenga mapiramidi walipewa posho ya mkate na pombe. Pombe haikuwa anasa. Ilikuwa njia ya kuifanya nafaka ya mavuno iwe chakula cha kunyweka.

Sasa nakuomba unifuate mpaka Uingereza, kwa sababu sheria iliyommwagia mama mbege haikuota kwenye migomba yetu. Ililetwa na Waingereza, na wao walikuwa wamekwisha kuifanyia mazoezi kwao.

Katika Uingereza ya karne ya 13, wapika pombe wengi wa vijijini walikuwa wanawake. Walipika nyumbani, familia ikanywa, ziada ikauzwa kwa majirani. Pombe ikiwa tayari walisimamisha mti mlangoni, wenye matawi au majani, ili watu wajue. Nilipolisoma hilo nilikiweka kitabu chini nikacheka peke yangu. Karibu mwaka 1266 ikatoka amri ya mfalme ya kusimamia bei na ubora wa mkate na pombe. Wapimaji wakapita nyumba kwa nyumba kuonja. Lakini utekelezaji wake ulikuwa na mzaha: wapika pombe walipigwa faini karibu kila mara mahakama ya kijiji ilipoketi, hata walio waaminifu, wakalipa, wakarudi kupika. Faini ilikuwa leseni iliyovaa joho la hakimu. Mtawala hakutaka waache kupika, maana wangeacha, angetoza nani?

Kilichowaondoa wanawake wale kwenye biashara hiyo kilikuwa ua. Katika karne ya 15 ilianza kuenea Uingereza, kutoka Uholanzi na nchi jirani zake, pombe iliyotiwa maua machungu ya mmea uitwao hopsi. Pombe ya zamani iliharibika baada ya siku chache, kama ilivyo mbege. Pombe ya hopsi ilikaa kwa majuma na miezi, ikasafirishwa kwa merikebu, ikalishwa majeshi. Kitu kinachokaa na kusafiri kinampendelea mwenye mtaji: mwenye matangi makubwa, mwenye mikokoteni, mwenye kukopeshwa. Mjane mwenye chungu kimoja hakukopeshwa. Taratibu kazi ikahama kutoka jikoni kwenda kiwandani, na kutoka kwa mke kwenda kwa bwana mwenye kampuni. Aliyebaki akipika nyumbani akaanza kuonekana mchafu, mlaghai, hata mchawi.

Halafu ikaja kodi. Mwaka 1880 waziri mkuu Gladstone aliifuta kodi ya kimea na kuihamishia kwenye pombe yenyewe, na kuanzia hapo hata Mwingereza anayepika pombe ya kunywa na familia yake akawekewa utaratibu wa leseni. Hili lishike, ndugu yangu, tutalirudia.

Waingereza walipokuja kututawala Waafrika, walitukuta tunapika. Mtama, ulezi, mahindi, ndizi, asali, mianzi, miwa, minazi. Kila kabila na chungu chake. Walikuwa na wasiwasi wa aina mbili. Wa kwanza ulikuwa kwamba mfanyakazi mlevi hafiki kazini. Wa pili ulikuwa kwamba miji inahitaji fedha, na hapa kuna fedha inayopita pembeni mwa sanduku lao.

Mji uliogundua dawa ya wasiwasi wote huo kwa mpigo mmoja ni Durban, huko Afrika Kusini. Mwaka 1908 koloni la Natal lilitunga sheria iliyoiruhusu manispaa kuhodhi pombe ya Waafrika. Mwaka uliofuata Durban ikajenga vilabu vyake, ikapika yenyewe ile pombe ya mtama waliyoiita utshwala, na kumpiga marufuku mwanamke Mzulu kuipika na kuiuza mjini. Faida iliyopatikana ikajenga mabweni ya vibarua wa Kiafrika na kuendesha ofisi ya kuwasimamia. Yaani mtu mweusi alilipia kwa kinywa chake gharama za kubanwa kwake mwenyewe. Mpango huo ukajulikana kote katika makoloni kwa jina la Mfumo wa Durban, na watawala wengine wakaja kuusoma kama mwanafunzi anayenakili hesabu za mwenzake.

Wanawake hawakukaa kimya. Mwaka 1929 watu wa Durban walisusia vilabu vya manispaa, na katika ghasia zilizofuata watu kadhaa wakauawa. Mwezi Juni mwaka 1959, katika mtaa wa Cato Manor wa mji huo huo, maelfu ya wanawake walivivamia vilabu, wakawafukuza wanywaji kwa fimbo na kuimwaga pombe ya manispaa. Waandishi wengine wamelieleza tukio lile kana kwamba akina mama wale walichukia ulevi. Wengi wao walikuwa wapika pombe. Walichokuwa wakisema ni kwamba, mume wangu akinywa kwenu, mshahara unabaki kwenu. Mimi nikimpikia jirani, watoto wanakula. Januari mwaka 1960 polisi waliokwenda kusaka pombe mtaani humo walizingirwa na umati na tisa wakauawa. Na vijana wa Soweto walipoinuka mwezi Juni mwaka 1976, vilabu vya pombe vya serikali vilikuwa miongoni mwa majengo ya kwanza kuchomwa. Asiyeijua historia ya mtungi alidhani ni uharibifu wa watoto tu.

Huku kwetu mambo yalifuata njia hiyo hiyo, kwa makali madogo kidogo. Nairobi iliiga Mfumo wa Durban katika miaka ya 1920: upikaji wa nyumbani ukazuiwa mjini, manispaa ikafungua klabu yake Pumwani, na faida ikaingia mfuko wa kuhudumia makazi ya Waafrika. Katika miji ya Tanganyika mtindo wa leseni na masoko ya pombe ndio uliotumika zaidi. Mwanamke aliruhusiwa kupika na kuuza, alimradi alipie na akae mahali alipopangiwa. Na vinywaji vikali vilivyotoneshwa kwa mvuke, ambavyo leo tunaviita gongo au chang'aa, vilikuwa haramu kabisa kwa Mwafrika; mataifa ya Ulaya yalikubaliana juu ya biashara ya vileo vikali barani Afrika katika mkataba wa Saint-Germain-en-Laye wa mwaka 1919.

Wakati mwanamke wa Pumwani akikimbizana na polisi, mlango wa pili ulifunguliwa kwa mwenye mtaji. Mwaka 1922 walowezi wa Kizungu walianzisha kiwanda cha bia Nairobi. Mmoja wa waanzilishi, George Hurst, aliuawa na tembo mwaka 1923, na bia yao ikapewa jina la Tusker kwa sababu hiyo. Mwaka 1933 kikafuata kiwanda cha Dar es Salaam. Na hebu sikiliza kichekesho: kwa miaka mingi bia hiyo ya chupa ilikuwa ya wakubwa peke yao. Nchini Kenya, Mwafrika hakuruhusiwa kuinywa kihalali mpaka baada ya Vita ya Pili ya Dunia. Alipofunguliwa mlango, ndipo alipoanza kuambiwa kwamba chupa ni ustaarabu na kibuyu ni ushamba.

Uhuru ulipokuja, tulidhani mtungi nao umepata uhuru. La hasha. Serikali zetu zilirithi majengo, zikarithi na mafaili. Nchini Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1970, busaa ya vilabuni ilipigwa marufuku, na mwaka 1980 ikatungwa sheria maalumu dhidi ya chang'aa. Miaka 30 ilipita mpaka sheria mpya ya mwaka 2010 iliporuhusu chang'aa kutengenezwa kwa masharti ya usafi na chupa. Je, katika miaka ile 30 watu waliacha kunywa? Walihamia gizani. Na gizani hakuna mpimaji. Mwezi Novemba mwaka 2000, katika mtaa wa Mukuru kwa Njenga jijini Nairobi na vitongoji vingine, watu zaidi ya 100 walikufa na wengine wakapofuka kwa kinywaji kilichotiwa sumu ya methanoli.

Hapa inafaa tutenganishe mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya. Pombe ya kuchachusha, kama mbege, busaa, komoni au ulanzi, ni kitu kimoja. Inaweza kukulevya, inaweza kukuharisha ikipikwa kwa maji machafu, na ukiizoea inaweza kukumaliza polepole. Lakini haimpofui mtu usiku mmoja. Kinachopofusha na kuua umati kwa siku moja aghalabu ni methanoli ya viwandani, ambayo mchuuzi mwenye haraka ya faida huichanganya kwenye kinywaji kikali ili kiongezeke nguvu. Huyo si mama mwenye pipa lake uani, ambaye wanywaji wake wanajua anakolala. Huyo ni mfanyabiashara wa gizani, na giza lile lilitengenezwa na marufuku.

Mfano mwingine wa Kenya. Mwaka 2004 kiwanda kikubwa cha nchi hiyo kilileta bia ya pipa ya bei nafuu iitwayo Senator, na serikali ikaiondolea ushuru ili mnyonge aache chang'aa. Ikapendwa mno. Mwaka 2013 serikali ikaona fedha ile nzuri inapita, ikarudisha nusu ya ushuru. Bei ikapanda, mauzo yakaporomoka. Mwezi Mei mwaka 2014 makumi ya watu wakafa tena kwa methanoli katika kaunti kadhaa. Sisemi kwamba moja lilizaa jingine moja kwa moja. Nasema tu kwamba afya ya mnywaji ilikuwa na thamani mpaka pale sanduku lilipotikiswa likasikika tupu.

Na kwetu Tanzania? Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 kiwanda cha bia kilikuwa mali ya umma. Miaka ya mwanzo ya 1980, sisi tulio na umri tunakumbuka, bia ya chupa ilikuwa adimu kama sabuni. Harusi hazikusimama. Matanga hayakusimama. Kazi za kusaidiana shambani hazikusimama. Nani aliyezibeba? Yule yule mama aliyemwagiwa. Mwaka 1993 serikali iliuza nusu ya kiwanda kwa kampuni ya Afrika Kusini, chupa zikarudi kujaa, matangazo yakapambwa kila ukuta, na mama akarudishwa uchochoroni.

Sasa turudi Uingereza, kwenye lile jambo nililokuomba ulishike. Leseni ya kupika pombe ya nyumbani, ile ya Gladstone ya mwaka 1880, ilifutwa mwaka 1963 na waziri wa fedha Reginald Maudling. Tangu hapo Mwingereza anapika nyumbani kwake kiasi anachotaka cha kunywa mwenyewe, mradi asiuze, na hakuna wa kumgongea mlango. Mwaka 1963, ndugu msikilizaji. Mwaka ule ule ambao bendera yao ilishushwa Nairobi. Walijifungulia kwao kamba ambayo huku walituachia shingoni, na sisi tukaendelea kuikaza wenyewe.

Marekani nako kuna somo. Nchi ile ilipiga marufuku pombe yote kuanzia mwaka 1920 hadi 1933, ikavuna majambazi. Marufuku ilipofutwa, divai ya kutengeneza nyumbani ikaruhusiwa lakini bia ya nyumbani ikaachwa nje. Kosa hilo lilidumu mpaka Oktoba mwaka 1978, Rais Jimmy Carter alipotia saini sheria iliyoruhusu nyumba yenye watu wazima wawili kupika mpaka galoni 200 kwa mwaka bila kodi, yaani lita 750 na ushei, za matumizi yao. Majimbo ya mwisho kukubali, Mississippi na Alabama, yalikubali mwaka 2013. Wakati Carter anatia saini, Marekani nzima ilikuwa na viwanda vya bia visivyofika 100. Leo vimezidi 9,000, vingi vikiwa vidogo, na waanzilishi wake wengi ni watu waliojifunza jikoni kwao. Nao wana madaftari, kama yule mama wa uchochoroni. Wanaandika kimea kiasi gani, hopsi gani, joto gani, safari ijayo wabadilishe nini. Wao wanaitwa watu wenye kipaji. Yule mama wetu anaficha daftari chini ya khanga.

Lakini nisikudanganye, ndugu msikilizaji, kwa kukupa nusu ya hadithi. Nilisema nimesomeshwa na mbege. Ada yangu ilitoka mfukoni mwa wanaume waliokaa uani kwetu, na wanaume wale walikuwa na watoto. Mmoja wao alikuwa baba wa mwenzangu niliyekaa naye dawati moja. Mama alimjua vizuri. Alikuwa na desturi ya kumnyima kata ya nne, na siku za malipo ya kahawa alikuwa akimpokonya sehemu ya fedha hadharani na kuipeleka kwa mke wake. Wanaume walimcheka, naye hakujali. Hata hivyo kata tatu za kwanza alimuuzia, juma baada ya juma, mwaka baada ya mwaka. Mwenzangu yule aliacha shule darasa la sita. Mimi niliendelea. Tulikutana miaka mingi baadaye kwenye msiba wa mama. Alikuja na kubeba jeneza. Hatukuzungumza habari ya shule.

Kwa hiyo sisimami hapa kutangaza kwamba pombe ya kienyeji ni dawa. Nasema hivi: pombe inapopikwa nyumbani, anayeuza anamjua anayekunywa, anamjua mkewe, anajua mtoto yupi hana sare. Kujua huko hakutoshi, na mama yangu ni shahidi. Lakini kiwanda hakijui hata hicho kidogo, na klabu ya manispaa ya Durban haikujua, na ngoma ya tatu ya mbege iliyoondoka kwenye gari la askari haikwenda kumsaidia mwenzangu abaki shuleni.

Kama serikali inataka kusimamia, na isimamie. Mpimaji aje na kifaa cha kupima maji na methanoli badala ya kuja na buti. Leseni iwe ya bei ambayo mwenye mapipa mawili anaweza kuilipa na kubaki na mtaji. Saa za kufungua zijulikane, watoto wasitumwe pombe, na anayechanganya sumu afungwe kama muuaji. Hayo ni ya afya, na mama mwenye busara atayaunga mkono kwa sababu yanamlinda na mchuuzi wa gizani. Lakini ikiwa kinachotafutwa ni fedha, basi tuambiwe kwamba ni fedha. Tusifichwe nyuma ya neno afya.

Nilipoagana na wale akina mama, niliuliza zamu ya Jumamosi ijayo ni ya nani. Wakatazamana. Yule mwenye daftari akapitisha kidole kwenye mstari, akasema Jumamosi ni yake, kilo 20 za mahindi, na kimea ameshakianika juu ya bati tangu juzi. Halafu akaniuliza, kwa upole tu, kama nina hakika mimi si mtu wa mapato.

Hadi juma lijalo, ndugu msikilizaji, panapo majaliwa. Alamsiki.